Uhusiano mwema: Wanafunzi wafunzwe ukweli kabla ya ufasaha

WANAFUNZI wengi vyuoni hudhani kuwa kazi ya afisa wa uhusiano mwema ni kufunika aibu ya mwajiri kwa maneno matamu. Mhadhiri hana budi kuwaondolea dhana hiyo mapema.

Mnamo 1982, watu saba walifariki katika eneo la Chicago, Marekani, baada ya kumeza tembe za Tylenol zilizotiwa sumu. Kampuni ya Johnson & Johnson iliuonya umma, ikaondoa madukani chupa zipatazo milioni 31, kisha ikairejesha dawa hiyo ikiwa na vizibo vinavyofichua iwapo chupa imefunguliwa.

Hapa vitendo vilitangulia, maneno yakafuata. Nchini Kenya, Katiba ya 2010 humpa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Afisa aliyefunzwa kuficha tu atajikuta akigongana na sheria.