Kasa wa taa anayetembea ziwani usiku: mbona hapinduki?

Umewahi kuona video ya kasa mkubwa wa taa akikatiza ziwani usiku huko Walt Disney World, Florida? Onyesho hilo linaitwa Electric Water Pageant, na lipo tangu Oktoba 1971.

Si roboti. Ni taa zilizofungwa kwenye fremu ya mita 7 na ushee, iliyosimamishwa juu ya tishari, yaani chombo bapa kinachoelea. Matishari yapo 14, mistari miwili ya saba saba, yanafuatana kama mabehewa. Giza linaficha chombo, unabaki kuona taa tu.

Sasa mbona hazipinduki? Siri ni upana. Chombo kipana kikiinama, upande uliozama zaidi unasukumwa juu na maji, kinarudi sawa. Uzito nao ukikaa chini, kinatulia zaidi.

Hii inatuhusu hata sisi wa Moshi. Mtumbwi pale bwawa la Nyumba ya Mungu ni mwembamba. Ukisimama tu, umepandisha uzito juu, na kupinduka ni rahisi. Kwa hiyo ukipanda: kaa chini, mzigo uwe sakafuni, na uvae jaketi la kuokolea maisha.