Kwa wapiga gita wa kwaya: noti za kutua na noti za kupita

Mara nyingi kwaya inaimba vizuri, kisha solo inaingia na waimbaji wanapoteza sauti. Shida si vidole vizito. Noti zimetua pasipofaa.

Akordi ya Do ina noti tatu: Do, Mi na Sol. Hizo ndizo nyumbani. Re, Fa, La na Si ni za njiani. Mwenzako akishika akordi ya Do, nawe ukakaa juu ya Fa, inagongana na Mi iliyo nusu toni chini yake. Lakini ukipita Sol, Fa, Mi, ile Fa inapendeza, kwa sababu imekufikisha nyumbani.

Akordi ikibadilika, nyumbani kunahama. Kwenye akordi ya Fa, wenyeji ni Fa, La na Do. Sasa Mi na Sol ndizo wageni. Kujua gamu peke yake hakutoshi.

Msikilizeni Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, leo Likasi. Kwa kidole gumba na cha shahada alipiga besi na sauti ya juu pamoja.

Jaribuni hivi: mmoja apige Do, Fa na Sol, mipigo 4 kila moja. Mpiga solo, kwenye mpigo wa kwanza piga noti ya akordi tu. Mingine, tembea upendavyo. Mama aliyeketi nyuma bila kitabu cha nyimbo anategemea gita yako ili ashike sauti.