Fosfeti kwenye tangi la kaka

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Mwera, Pangani, nasubiri boom kama wenzangu wote, pale kaka yangu aliponitumia picha WhatsApp kutoka Muscat anakofanya kazi. Sebuleni ana tangi la kioo la lita 200, maji chumvi, samaki sita, na matumbawe hai aliyoyanunua dukani kwa pesa ambayo mama hajaambiwa. Kwenye picha matumbawe yalikuwa yamefunikwa na mwani wa kijani, mwembamba kama nywele. "Dogo, si unasoma Kemia huko? Nisaidie." Mimi nasoma Ualimu, Kemia na Biolojia, lakini kwetu hilo halina tofauti na udaktari.

Nikamwambia apime fosfeti. Kipimo chenyewe ni rahisi: unatia dawa kwenye maji kidogo ya tangi, yakigeuka bluu fosfeti ipo, na bluu ikikolea ni nyingi. Akapata miligramu 0.6 kwa lita. Wafugaji wengi wa matumbawe huitaka iwe kati ya 0.03 na 0.1.

Fosfeti hii ni ile ile iliyomo kwenye DAP tunayotia mahindi. Hata mbolea ya Minjingu, kule Manyara, inatoka kwenye miamba iliyotokana na mabaki na kinyesi cha ndege wala samaki wa zamani sana. Kwenye tangi la kaka safari ni fupi zaidi: chakula, samaki, kinyesi, maji. Ukitia mbolea lazima kitu kiote, na humo hakuna mahindi, kuna mwani. Halafu fosfeti ikizidi hujibandika kwenye chokaa inayojengeka, tumbawe likashindwa kukuza mifupa yake vizuri.

Kaka akabadilisha asilimia 20 ya maji. Ikashuka hadi 0.48, na baada ya siku tatu ikakaribia pale pale. Alidhani kipimo kibovu, kumbe mawe na mchanga wa tangi vilikuwa vimenyonya fosfeti kwa miezi, na maji yakipungua fosfeti vinaitema tena. Kubadilisha maji peke yake hapo ni sawa na kudeki huku bomba linavuja.

Hasira zikampanda. Akanunua chembechembe za oksidi ya chuma, zile za rangi ya kutu zinazonasa fosfeti, akamwaga nyingi kwenye chujio. Siku ya pili kipimo kikasoma sifuri, akanitumia sauti ya kushangilia. Wiki haijaisha matumbawe yakaanza kupauka, na moja, la bei kubwa kuliko yote, likafa.

Hapa ndipo na mimi nilijifunza. Ndani ya nyama ya tumbawe wanaishi vijimwani vidogo mno vinavyolilisha kwa nguvu ya mwanga, na vyenyewe vinahitaji fosfeti. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walionyesha kwamba tumbawe lenye naitreti nyingi huku likikosa fosfeti hupauka kirahisi joto na mwanga vikizidi. Kwa hiyo sifuri nayo ni njaa.

Tukaanza upya, polepole. Chembechembe akazitoa zote, akarudisha kijiko kimoja, akawa anapima kila baada ya siku mbili kabla ya kuongeza. Chakula mara moja kwa siku, kile kinachoisha ndani ya dakika mbili. Uduvi wa kugandishwa anauyeyusha kwanza na kumwaga yale maji yake, maana nayo yana fosfeti. Maji ya kufidia yanayokauka ni yaliyochujwa, siyo ya bomba. Mwisho akaweka fungu la mwani kwenye chumba cha pembeni chenye taa, na kila wiki anavuna nusu, kama akina mama wa pwani wanavyovuna baharini. Ukiuacha ukaoza humo humo, fosfeti yote inarudi majini, kwa hiyo lazima utoke nje ya tangi.

Ilichukua miezi miwili kufika 0.08. Juzi ametuma picha: nywele za kijani zimebaki kona moja tu, matumbawe yamerudisha rangi. Ameniomba nisimtajie mama bei ya lile lililokufa. Bahati yake mama hasomi jarida hili.