Kuvundika majani kwenye nailoni: chakula cha mifugo na amani ya majirani

Karibu na mji wa Kolwezi, katika jimbo la Lualaba, kuna mahali panapoitwa Mashamba. Leo jina hilo ni la machimbo ya shaba na kobalti: Mashamba Mashariki na Mashamba Magharibi ni mashimo makubwa yaliyochimbwa wazi. Lakini kila asemaye Kiswahili anajua maana ya neno lenyewe. Machimbo yakipanuka, ardhi ya kulima na ya kulisha hupungua, na mwenye bustani na mwenye mbuzi hujikuta wakiishi karibu zaidi kuliko zamani.

Huku kiangazi huanza mwezi wa Mei na kuendelea hadi Septemba. Nyasi ndefu za porini hukauka, hugeuka ngumu kama vijiti, na nyingine huungua kwa moto. Kinachobaki kijani ni mboga za bondeni zinazomwagiliwa kwa mkono. Mbuzi hajui mpaka. Asubuhi moja inatosha kumaliza kazi ya miezi miwili, na kuanzisha ugomvi wa miaka miwili.

Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Katika kazi yetu ya amani tunaona pia upande wa pili: nyasi zikikosekana, ndipo fahali hupigana.

Ugomvi mdogo unaweza kukua

Tanzania inakumbuka tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilaya ya Kilosa, ambako watu 38 waliuawa katika mapambano ya wakulima na wafugaji. Nchini Kenya, mwaka 2012, mapigano ya Wapokomo na Waorma katika delta ya mto Tana yaliua watu zaidi ya 100. Hatusemi kwamba chanzo kilikuwa majani peke yake. Kulikuwa na mambo ya ardhi, mipaka, maji na uongozi. Lakini mara nyingi cheche ya kwanza ni mnyama mwenye njaa ndani ya shamba la mtu. Ndiyo maana tunaandika juu ya jambo linaloonekana kuwa la mabwana mifugo tu: kuhifadhi majani.

Kuvundika ni nini?

Kila mama anajua kuvundika ndizi: unazifunika zisipate hewa ya nje, zinabadilika. Majani nayo huvundikwa. Ukiyakatakata yakiwa mabichi, ukayashindilia na kuyafunga hewa isiingie, vijidudu vidogo visivyohitaji hewa hula sukari iliyomo na kutoa asidi kama ile ya maziwa ya mgando. Uchachu huo huzuia kuoza. Chakula hicho huitwa sileji, na kikifungwa vizuri hukaa miezi mingi.

Katika nchi za Ulaya, tangu miaka ya 1980, wakulima wengi hutumia mashine. Nyasi hukatwa, huachwa zinyauke kidogo, kisha mashine huzifunga kuwa robota la duara. Mashine nyingine hulizungusha robota hilo kwa nailoni nyembamba inayovutika, tabaka nne hadi sita. Robota moja laweza kufika nusu tani au zaidi, na bila trekta halisogei.

Mkulima wa kawaida kwetu hana trekta. Lakini kanuni ni ile ile, na wafugaji wadogo wa ng'ombe wa maziwa nchini Kenya wameitumia kwa mfuko mrefu wa nailoni nzito uliofungwa ncha zote mbili. Mfuko wenye upana wa mita 1.5 na urefu wa mita 2.5 hubeba karibu kilo 500. Ukimpa ng'ombe kilo 10 kwa siku juu ya malisho mengine, mfuko huo unafika siku 50.

Hatua za kufuata

1. Kata matete yakiwa na urefu wa mita 1 hivi, kabla hayajakomaa. Mabua ya mahindi yafaa yakiwa bado mabichi. Yaliyokwisha kukauka hayavundiki. Yahifadhiwe makavu tu. Majani ya viazi vitamu pia yanafaa.

2. Yaanike kidogo kama yana maji mengi. Kamata konzi moja ya majani yaliyokatwa na uibane. Maji yakichuruzika, bado mabichi mno. Yakifumuka mara moja, yamekauka mno.

3. Katakata vipande vya sentimita 2 hadi 3. Kwa matete ongeza molasi: lita 1 katika lita 3 za maji kwa kilo 70 hivi za majani.

4. Funga ncha moja ya mfuko, jaza kidogo kidogo, ukishindilia kila tabaka hadi hewa itoke. Kazi hii imalizike siku moja.

5. Funga kabisa, weka kivulini, mbali na panya na kuku. Tundu dogo likitokea lizibe siku hiyo hiyo.

6. Subiri angalau siku 21. Sileji nzuri ina rangi ya kijani iliyoelekea kahawia na harufu ya uchachu mtamu. Ikiwa nyeusi, yenye ukungu au harufu ya uozo, itupwe. Ukikuta panya aliyekufa ndani, usimlishe mnyama yeyote: sumu yake huua.

Wenye ng'ombe wa maziwa walishe baada ya kukamua, maana maziwa hushika harufu. Na tusikate majani ya kando ya barabara za malori ya machimbo, yaliyojaa vumbi.

Majani yaliyofungwa yana mwenyewe

Hapa tunaomba msomaji atulie kidogo. Katika vijiji vingi, baada ya mavuno, mifugo huingia mashambani kula mabua. Mwenye mifugo hupata malisho, mwenye shamba hupata mbolea. Hakuna anayelipa; ni desturi.

Sasa mkulima akijifunza kuvundika mabua na kuyauza, yule mfugaji maskini aliyezoea kuingia atakuta shamba tupu. Nyasi za bonde, zilizokuwa za wote, zitakwenda kwa mwenye panga kali na fedha za nailoni. Mradi ulioletwa kuondoa ugomvi utakuwa umeleta mwingine. Tunalisema hili wazi kwa mashirika kama letu: kugawa mifuko ni rahisi, na kunaweza kudhuru.

Kwa hiyo makubaliano yatangulie nailoni. Wakulima, wafugaji na wazee wa kijiji wakae pamoja kabla mvua haijaisha, wanawake wakiwemo, kwa kuwa bustani nyingi ni zao. Wajibu maswali haya:

- Mabua ni ya nani baada ya mavuno, na mfugaji atayapata kwa bei gani, au kwa mbolea kiasi gani?
- Nani anaruhusiwa kukata nyasi za bonde, na sehemu gani inaachwa kwa wasio na mfuko?
- Mnyama akiingia bustanini, hasara inapimwa na nani, na inalipwa kwa siku ngapi?
- Mahindi ya watu yanalindwaje? Mahali ambapo unga hununuliwa kutoka Zambia, si busara kuvundika mahindi yenye punje.
- Nailoni iliyochakaa inakwenda wapi? Ng'ombe au mbuzi akiimeza huziba tumbo na kufa, na jirani atalaumiwa.

Kikundi kinaweza kuanza na mifuko miwili tu: mmoja wa mkulima, mmoja wa mfugaji, ikijazwa siku moja na mikono ya pande zote mbili. Mwezi wa Agosti, itakapofunguliwa, watajua kama majani yamevundika vizuri. Watajua pia kama makubaliano yao yamedumu, kwa sababu usipoziba ufa utajenga ukuta.