Almasi ya Chupa na Moyo wa Mnunuzi

Apitaye Maganzo, ule mji mdogo wa Kishapu ulioota kando ya mgodi wa Mwadui, hakosi kusikia habari ya jiwe lililomtajirisha mtu au lililomfilisi. Kwani tangu mwaka 1940, John Williamson wa Kanada alipoivumbua almasi ya hapo, na hasa tangu mwaka 1947, lilipopatikana jiwe la waridi la karati 54.5 akatunukiwa Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, kwa arusi yake, wengi huamini kwamba bahati ya namna ile yaweza kuwashukia na wao.

Imani hiyo ndiyo mtaji wa mlaghai. Mwenye kughushi noti hushindana na karatasi na wino, lakini kazi yake kubwa ni kumfanya mpokeaji asiitazame noti, ndiyo maana hupenda giza la jioni na msongamano wa soko. Auzaye kipande cha chupa kwa jina la almasi hufuata kanuni hiyo hiyo: hujifanya maskini asiyejua thamani ya alichookota, hunong'ona, husema mnunuzi mwingine yu njiani. Haraka humnyima mtu tafakuri, siri humnyima mshauri, na tamaa humfanya ajitafutie mwenyewe hoja za kuamini.

Hata jaribio lake huwa hadaa. Hulichukua jiwe akakwaruza nalo kioo, kioo kikachubuka, na mnunuzi akaridhika; kumbe mawe meupe ya kwatsi nayo hukikwaruza kioo, ingawa ugumu wake ni 7 na wa almasi ni 10.

Maji hayahadaiki. Kwa ujazo ule ule, almasi ina uzito wa mara 3.5 wa maji, na kioo cha kawaida mara 2.5 hivi. Basi lipime jiwe la karati 10 likiwa kavu, kisha lining'inize kwa uzi mwembamba, lizame lote majini, ulipime tena: almasi itasoma karati 7 na kidogo, kioo kitasoma 6 tu. Kwa hesabu hii hii dhahabu safi, ambayo uzito wake ni mara 19.3 wa maji, hutofautishwa na shaba nyeupe, isiyofika hata nusu ya uzito huo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kinga ya mnunuzi ni mizani na subira. Nunua mahali penye vipimo na mashahidi, kama katika masoko ya madini yaliyofunguliwa nchini tangu mwaka 2019. Na muuzaji akikataa jiwe lake lipimwe, mrudishie jiwe lake, ukaondoke na fedha zako.