Vidole Kwanza, Kisha Kitabu

Wazazi wengi, na vijana wenyewe, huuliza: mtu anayejifunza gitaa aanze lini kusoma nadharia ya muziki, yaani elimu ya sababu za sauti kupatana? Wapo wasemao aanze siku ya kwanza. Wengine husema haina haja kabisa.

Tumtazame Mwenda Jean Bosco wa Katanga, ambaye nyimbo zake za Kiswahili zilinaswa na Hugh Tracey mwaka 1952. Kidole gumba na kidole cha shahada vilimtosha kupiga. Wanaomsikiliza hawaulizi kama alijua kusoma noti. Mtoto naye husema “mama” siku nyingi kabla ya kusikia habari za ngeli.

Basi, majuma ya kwanza ni ya vidole. Ncha zake zinauma, nyuzi hazijui kuzikaza vizuri, na kuhama kutoka kodi moja hadi nyingine ni taabu. (Si kodi ya serikali! Ni sauti tatu au zaidi zipigwazo pamoja.) Ukimtwisha na kitabu wakati huo, gitaa litatundikwa ukutani.

Lakini asikawie mno. Kijana mmoja wa kwaya alizijua sana kodi za C, F na G. Siku ya mazoezi mwalimu aliona wimbo uko chini mno, akamwomba aupandishe hatua moja. Kijana akanyamaza. Wimbo ukaimbwa bila gitaa, naye amelipakata tu. Baadaye mwenzake alimweleza: hesabu kutoka C, F ni ya nne, G ni ya tano. Sasa anza na D uhesabu vivyo hivyo: utapata G na A. Kijana alishangaa. “Miaka miwili napiga! Mbona hamkuniambia mapema?”

Basi, wakati wake ni upi? Ni pale mwanafunzi anapoweza kupiga wimbo mwepesi wa kodi tatu mpaka mwisho bila kusimama. Tangu hapo atenge dakika kumi katika mazoezi yake ya kila siku, gitaa likiwa mkononi.

Kwanza ajue majina ya nyuzi sita, toka nene hadi nyembamba: E, A, D, G, B, E. Pili, ajue kwamba kila chuma kilicholala juu ya shingo ya gitaa hupandisha sauti nusu hatua, na kwenye chuma cha 12 uzi hurudia jina lake, ila juu zaidi. Tatu, ngazi ya do, re, mi: toka mi hadi fa, na toka ti hadi do, ni nusu hatua, nyingine zote ni hatua nzima. Mwimbaji ajuaye solfa amekwisha pata sehemu kubwa ya elimu hiyo. Kusoma noti za mistari mitano kwaweza kungoja, isipokuwa kwa mwenye nia ya kupiga muziki ulioandikwa.

Mzazi, usimwulize mwanao amesoma kurasa ngapi. Mwambie akupigie wimbo mmoja. Kisha mwambie aupandishe hatua moja, aupige tena.