Kulipwa Uhamie Kijijini: Ofa Ziko, Lakini Mbona Sagalla Hakuna?

Lazima umeziona. Leo ni kijiji flani Italia kinauza nyumba kwa euro 1, yaani kama bob 150 hivi. Kesho ni Japani, familia inaahidiwa pesa itoke Tokyo. Wewe uko Pipeline, landlodi anakuangalia vibaya, na kwa grupu ya WhatsApp mtu anauliza: "Sasa Kenya hizi ofa zitafika lini?"

Swali poa. Tulijibu na Sagalla, ule mlima unaoonekana ukishuka Voi. Ukielewa mbona Sagalla hakuna ofa kama hizo, hakuna mtu atakuuzia stori za jaba kuhusu kuhama tena.

Ofa ni za ukweli, ila soma masharti

Tuanze na Sambuca, kijiji cha Sicily. Mwaka 2019 walitoa nyumba 16, bei ya kuanzia euro 1. Dili ya mwaka, sivyo? Ngoja. Ukinunua, lazima uikarabati ndani ya miaka 3, utumie si chini ya euro 15,000, na uache dhamana ya euro 5,000. Usipomaliza, dhamana imeenda. Na kununua hiyo nyumba hakukupi viza. Unaweza kuwa landlodi wa Sicily huku bado unapanga laini kwa ubalozi.

Albinen, Uswizi, watu hawafiki 300. Mwaka 2017 kijiji kilipitisha kumpa kila mtu mzima faranga 25,000 na kila mtoto 10,000. Hizo ni milioni kadhaa za kwetu. Lakini uwe chini ya miaka 45, ujenge au ununue nyumba ya angalau faranga 200,000, na ukae miaka 10. Ukitoka kabla, unarudisha. Na kama si Mswizi, lazima uwe na kibali cha kuishi huko, kile watu hukaa miaka mingi ndio wapate.

Kule Tulsa, Marekani, kuna programu ilianza 2018 inayokupa dola 10,000 uhamie huko mwaka mmoja. Ila uwe na ruhusa ya kufanya kazi Marekani, na jobo yako tayari uifanye kwa laptopu. Japani nao, tangu 2023, wanatoa hadi yen milioni 1 kwa kila mtoto kwa familia inayohama kutoka eneo la Tokyo. Ukiondoka kabla ya miaka 5, pesa inarudi.

Umeiona hiyo patani? Hakuna hata moja inayomtafuta mtu amesota. Zote zinatafuta mtu ako na doh ama kazi tayari, akuje nayo.

Mbona walipe?

Hesabu yake ni rahisi. Wazee wanakufa, vijana wameenda mjini, watoto hawazaliwi. Shule inakosa wanafunzi, inafungwa. Duka linafuata, kisha zahanati, kisha basi. Nyumba zinabaki bila mtu, na warithi wako Milan ama New York, hawataki hata kulipa kodi ya jengo ambalo paa limeanguka. Kwa kijiji kama hicho, familia moja mpya ni wanafunzi wawili, mteja wa duka na mlipa ushuru. Hiyo pesa wanakupa ni ya kununua muda.

Sasa peleka hiyo hesabu Sagalla uone kama itasimama.

Sagalla hakuna nyumba ya bob 150

Vijana wanatoka Sagalla, hiyo iko wazi. Wanashuka Voi, wanaingia Mombasa, wengine Nairobi. Lakini kutoka si kuacha. Yule jamaa unapanga naye keja Kayole bado ana shamba la babu mlimani. Mamake ako hapo, makaburi ya familia yako hapo, na Krismasi ikifika anapanda basi. Nyumba ikiwa imefungwa ocha haimaanishi haina mwenyewe. Ina wenyewe kumi na wawili, na wote wako kwa grupu ya familia.

Halafu Taita Taveta ardhi yenyewe ni kidogo kuliko unavyodhani ukiangalia ramani. Takriban asilimia 62 ya kaunti nzima ni mbuga za Tsavo. Kinachobaki kinagawanywa na mashamba makubwa ya mkonge, maranchi, miji, na wananchi. Kuna watu wamezaliwa kaunti hiyo na mpaka leo wanaitwa maskwota. Sasa serikali ianze kulipa watu wa nje wakuje kuishi, wakati wa ndani hawana hati miliki? Hiyo itakuwa noma.

Na si mambo ya kudhania. Kenya tumewahi kulipa watu wahamie. Mkoloni alipotaka kujaza Wazungu huku, sheria ya ardhi ya 1915 iliwapa mikataba ya miaka 999. Mwaka 1919 ukaja mpango wa kuwapa mashamba wanajeshi Wazungu waliotoka vita vya kwanza vya dunia. Ilikuwa ofa tamu sana kwao, kwa sababu ardhi ilikuwa ya mtu mwingine.

Hata baada ya uhuru. Miaka ya 1970, serikali ilipeleka familia zisizo na ardhi Mpeketoni, Lamu, ikawakatia mashamba. Waliofika walifanya kazi, mji ukakua. Lakini waliokuwa Lamu kitambo waliuliza: mbona mgeni ana hati na mimi sina? Hilo swali halijawahi kupoa. Ndio maana huku kwetu, kabla mtu akuambie "karibu uhamie", lazima kwanza ujue anakukaribisha kwa shamba la nani.

Kinachofukuza watu Sagalla kina mkonga

Sambuca tatizo lilikuwa nyumba kukosa watu. Sagalla ya chini, ile ya tambarare kavu inayopakana na Tsavo Mashariki, tatizo ni mgeni wa usiku. Umelima mahindi, kunde na ndengu, umengoja mvua miezi, na wiki ya kuvuna ndovu wanaingia. Asubuhi hakuna shamba. Mwaka mmoja hivyo unavumilia. Miaka mitatu, kijana anaenda kutafuta jobo ya mjengo Mombasa, na huwezi kumlaumu.

Sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema mtu akiuawa na ndovu familia ilipwe milioni 5, na mimea iliyoharibiwa pia ina fidia. Shida ni kungoja. Fidia huchukua muda, na tumbo halijui foleni.

Hapo ndipo kuna kitu cha Sagalla ambacho dunia ilikuja kujifunza. Mwanasayansi Lucy King na shirika la Save the Elephants walileta ua wa mizinga ya nyuki. Unaweka nguzo kuzunguka shamba, unatundika mizinga, unaiunganisha na waya. Ndovu akisukuma waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka na hasira. Ndovu ni mkubwa lakini macho yake na ndani ya mkonga ni laini, na hataki kudungwa hapo. Ujanja mwingine: mzinga mmoja wa ukweli, unaofuata ni ubao tu wa kumchanganya. Gharama inashuka.

Utafiti wa miaka 9 hapo Sagalla, uliochapishwa 2024, ulionyesha kwamba misimu mimea ilipokuwa imeshika, ua huo ulizuia hadi asilimia 86 ya ndovu waliokaribia. Na wakulima waliuza asali, kama tani moja kwa jumla. Si muujiza: ukame wa 2017 ulifukuza nyuki, robo tatu ya mizinga iliyokuwa na nyuki ikabaki mitupu. Lakini angalia hiyo pesa imeenda wapi. Haijamlipa mgeni akuje. Imempa mwenyeji sababu ya kubaki. Kwa hali ya Sagalla, hiyo ndiyo ofa yenye maana.

Sasa wewe na ocha yako?

Kenya kitu kinachokaribia ofa za Uswizi ni yale marupurupu walimu na watumishi wa serikali hupewa wakifanya kazi maeneo magumu. Pesa inafuata kazi. Kama hauna hiyo kazi, fanya hesabu yako hivi.

Kama kwenu ni Sagalla ama ocha yoyote, una kitu Sambuca wanauza na masharti kibao: mahali pa kulala bila kodi. Kabla urudi, uliza mambo manne. Maji yanatoka wapi mwezi wa mvua ikikataa? Intaneti inashika ndani ya nyumba ama mpaka upande mlima? Wanyama wanapita wapi? Na shamba liko kwa jina la nani? Hilo la mwisho ongea na wazee mapema, babu akiwa bado hai. Kesi ya urithi inaweza kumaliza ujana wako.

Kama si kwenu, usikimbilie kununua ploti kwa sababu broka amesema "iko karibu na SGR". Ndiyo, treni inasimama Voi tangu 2017, na barabara ya Mombasa inapita hapo hapo. Lakini panga nyumba mjini kwanza, ukae misimu miwili. Ukitaka kununua, fanya upekuzi ofisi ya ardhi, hakikisha familia nzima imekubali, na kama ni shamba la kilimo, pata idhini ya bodi ya ardhi. Usiwahi kutuma "pesa ya fomu" kwa mtu anayesema serikali inalipa watu wahamie.

Na wale wanasiasa watakuja 2027 wakiahidi kurudisha vijana mashinani? Waulize wamepanga nini kuhusu maji, hati miliki na ndovu. Vijana wa Sagalla njia ya kurudi nyumbani wanaijua.